Wimbo wa Mama Ellinor na Printa Iliyogoma

Jumamosi ile tuliamka na shangwe. Mama Ellinor, mama mkwe wangu, alikuwa anatimiza miaka sabini. Bendera ya sherehe ilishapanda mlingotini na keki ilishapakwa krimu. Wimbo nao ulikuwa tayari! Kwetu Denmark, sherehe bila wimbo wa kumtania mwenye siku yake si sherehe. Familia hutunga maneno yake kwa tuni ya zamani, na kila mgeni hukuta karatasi yake kando ya sahani. Mama Ellinor alishatuambia zawadi hataki, anataka wimbo wake tu.

Mume wangu Asger, mtunzi wetu, akabonyeza ili wimbo uchapwe. Printa kimya. Juzi kompyuta ilijisasisha yenyewe, na tangu hapo hatukuwa tumechapa kitu.

Asger ana mengi mazuri, lakini subira hana. Akaingia mtandaoni, na tangazo jekundu likamrukia: “Viendeshi vyako vimezeeka! Bonyeza hapa tuvisasishe vyote.”

“Vibeke, tumepona!” akaniita.

“Unawajua hao?”

“Wanajua kazi yao. Wewe endelea kupamba keki yako!”

Haraka haraka haina baraka. Kompyuta ilipowaka tena, herufi zilikuwa kubwa kama za bango, sauti imepotea, na printa bado bubu. Wageni wangefika ukumbini mchana. Nani angenakili beti zote zile kwa mkono, kwa ukumbi mzima? Nilitaka kulia.

Nikamkimbilia jirani yetu Gunhild, anayefundisha watu kompyuta maktabani. Alikuja na ndara miguuni.

“Asger, nini kilikuwa kibovu?”

“Printa tu.”

“Sasa skrini na sauti zilikukosea nini, bwana wee?”

Asger akajikuna kichwa. “Kwani kiendeshi ni nini hasa?”

“Ni programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa kimoja. Printa ina chake, skrini ina chake. Kama kifaa kinafanya kazi vizuri, huna haja ya kuhangaika na kiendeshi chake. Kompyuta yenyewe itakuletea masasisho inayoyahitaji. Je, hao wa tangazo uliwapa namba ya kadi ya benki?”

“Waliomba. Nikasita.”

“Hapo umetumia akili!”

Gunhild alianza kwa kunakili wimbo kwenye flashi, usije ukapotea. Kisha akachomeka chaja, maana kompyuta ikizimika katikati ya kazi kama hii inaweza kuharibika zaidi. Akafungua sehemu ya kurejesha mfumo. Kumbe kompyuta ilikuwa imehifadhi hali yake ya jana! Akairudisha huko. Tukasubiri, Asger akizunguka meza. Skrini ikawaka, herufi zikawa za kawaida, sauti ikalia, na ile programu ya tangazo haikuwepo tena.

“Bado printa,” nikasema.

“Hiyo sasa ndiyo ina haki ya kupata kiendeshi kipya. Asger, nisomee jina na namba ya modeli iliyo nyuma yake.”

Asger akasoma. Gunhild akaandika mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni iliyoitengeneza printa, bila kugusa tangazo lolote. Akachagua modeli ileile na toleo la mfumo wetu, akapakua, akasakinisha, akawasha upya kompyuta.

“Haya, mtunzi. Bonyeza.”

Printa ikakohoa. Karatasi ikatoka, na nyingine, na nyingine! Asger akamkumbatia Gunhild mpaka ndara moja ikamvuka. Nami nikapiga vigelegele.

“Ngoja, msimalize kuchapa!” Asger akasema. “Kuna ubeti wa kuongeza.”

Mchana ule ukumbi mzima ulisimama, karatasi mkononi. Mama Ellinor aliimba kwa sauti kuliko wote, machozi yakimtoka kwa kicheko, hasa ubeti wa mwisho:

*Mwanao hakusikia, alibonyeza jekundu,*
*Kompyuta kaumia, kwa haraka na utundu,*
*Jirani kamtibia, akalifungua fundo!*

Tulipoketi, akafuta macho, akamgeukia mwanawe.

“Asger mwanangu, hata kompyuta yangu imeniletea hilo tangazo jekundu asubuhi. Nilikuwa nangoja nirudi nyumbani nibo—”

“Usibonyeze, Mama!” ukumbi mzima ukapaza sauti, na Asger ndiye aliyepiga kelele kuliko sote.