Watoto Waliochukuliwa na Kipindi

Jumamosi saluni ilijaa mpaka wateja wengine wakasimama mlangoni. Fundi sauti akaingia kinyumenyume akiburuta waya, akamkanyaga msusi.

"We kaka, una macho kisogoni?"

"Samahani, dada. Nimetumwa nikufunge maiki."

"Funga. Ila ukinichoma na hiyo pini, nakunyoa nyusi."

Wateja wakaangua kicheko. Msusi alivaa gauni la kijani lenye madoa ya mafuta ya nywele, na kitana kimechomekwa kichwani kama pembe. Fundi sauti alimbania maiki kwenye kola, akijihadhari asimchome. Mapenzi yakaanzia hapo.

Kampuni ya kuonyesha vipindi kwenye simu ilikuwa inakufa. Filamu za nje, za majumba na magari, watu walizitazama kidogo wakajitoa. Ndipo ikaamua kurekodi saluni ya kawaida, watu wakiongea lugha yao bila kuandikiwa cha kusema. Mashangazi ambao hawajawahi kulipia chochote kwenye simu wakajiunga, wamsikie msusi akiwatania wateja.

Jioni simu ya msusi na ya fundi sauti zilikuwa hazitulii.

"Umeniwaza, mpenzi?"

"Kutwa nakusikia masikioni, nikuwaze saa ngapi?"

"Mwongo mkubwa wewe."

Mchana mmoja walijificha stoo, katikati ya maboksi ya shampuu. Fundi sauti akavua hedifoni amsikie mpenzi wake vizuri. Kosa lake ndilo hilo: kwa kuwa hakuwa na kitu masikioni, hakujua maiki ya kwenye kola bado inarekodi.

"Nimechoka kulea watoto wa dada," msusi alisema, kichwa begani kwake. "Natamani aje awachukue."

Kila mlezi hulisema neno hilo siku mgongo ukimuuma. Jioni ile ile aliwaogesha, akawabembeleza mpaka wakalala.

Mhariri wa kampuni akayakuta maneno hayo, akayaweka kwenye kipindi, na mapenzi yao yakajulikana kwa kila mtazamaji. Dada mtu, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine, akayasikia. Akaja na teksi.

"Mimi hukuniambia. Umewaambia watu wote!"

"Dada, nilikuwa nimechoka tu..."

Akawabeba watoto na magodoro yao. Mdogo wao ilibidi abanduliwe vidole kwenye gauni la mama yake mdogo.

Fundi sauti akakimbilia kwa bosi. "Iondoe ile sehemu, bosi."

"Niondoe? Ile imetuletea watu kuliko vipindi vyote! Na mkataba alisaini mwenyewe. Jiandae, tunaenda kurekodi saluni nyingine mkoa mwingine, kwa lugha ya huko."

Fundi sauti akaacha kazi papo hapo. Haikubadilisha kitu, kipindi kiliendelea kutazamwa. Alimpigia dada mtu.

"Kijana, ile sauti ni yake au si yake?"

"Ni yake, lakini..."

Simu ikakatwa.

Msusi alikuwa hapokei simu zake, kwa hiyo akamfuata saluni. Alimkuta peke yake, kanga mabegani, macho yamevimba.

"Umefuata nini tena? Kuna kilichobaki?"

"Nimeacha kazi. Nataka nikuoe."

Msusi akacheka bila furaha. "Wateja wananiuliza nitakusamehe lini. Nikikusamehe, watu watajiunga washangilie. Nikikufukuza, watajiunga wanione nikilia. Kuna jambo gani ninaloweza kufanya likawa langu?"

"Sijui."

"Watoto watarudi?"

"Sijui, mpenzi. Ningejua ningekwambia."

Msusi akachukua simu, akampigia dada yake kwa mara nyingine. Safari hii ikapokelewa na yule mdogo.

"Mama mdogo! Kila siku tunakuona kwenye simu. Tunakuita, mbona hutuitikii?"

Msusi akafungua mdomo. Kabla sauti haijatoka, nyuma ya mtoto dada mtu akasema, "Lete hapa hiyo simu," na simu ikazimika.

Akaupapasa mkono wa fundi sauti, akaukamata kwa nguvu.

"Nioe tu," alisema. "Kulia peke yangu siwezi."