Kiti cha Isikeli

Ukumbi wa mazungumzo ya biashara mjini Suva ulifurika mpaka mlangoni. Mwanamume mrefu mwenye suti ya kijivu, jasho likimchuruzika, aliona kiti kitupu kando ya Vasiti akaketi, wala hakuujali mkeka mdogo uliotandikwa juu yake.

"Kaka, hapo pana mwenyewe," Vasiti alimwambia.

"Yuko wapi?"

"Tumemzika mwezi uliopita."

Aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Vasiti, ndani ya gauni lake la kifiji, sulu jaba ya manjano, alicheka mpaka machozi. Ndivyo alivyomjua Lachlan, mchumi kutoka Canberra. Mwenye kiti, Isikeli, alikuwa mchumi mkuu wa visiwa vya Pasifiki na ndiye aliyemfundisha Vasiti kazi. Wenzake walimtunzia nafasi yake mpaka mkataba wa biashara na Australia usainiwe.

Mezani wawili hao, Vasiti wa visiwa na Lachlan wa Australia, walikabana koo juu ya samaki. Jioni walikula samaki wa nazi ukingoni mwa bahari.

"Mwizi wa jodari we!"

"Na wewe mchoyo," Lachlan alijibu, akimfuta mdomo kwa kidole.

Siku zilivyosonga, Lachlan akaanza kunukia mafuta ya nazi asiyojipaka, yale aliyopenda Isikeli. Viganja vyake vikawa baridi kama samaki wa barafuni. Kisha akampigia Vasiti simu.

"Vasi wa Rewa, nataka nikuoe."

Nywele zilimsimama Vasiti. Aliyemwita hivyo alikuwa Isikeli peke yake.

"Nani kakufundisha jina hilo?"

"Jina gani, mpenzi?"

Alimkatia simu, akiamini kwamba anadhihakiwa, na jina la marehemu linachezewa.

Kesho yake Lachlan alisimama ukumbini akaigeuka nchi yake mwenyewe. "Samaki aliyevuliwa kwenye maji yetu ni wetu, hata meli ikiwa ya mgeni!" Sauti ilikuwa nzito, na katikati yake mlikuwa na kikohozi cha Isikeli. Wajumbe wa visiwa waliitambua, wakainamisha vichwa. Ushindi ulikuwa mlangoni, lakini Vasiti alibaki na swali moja: nani aliyeniposa?

Wajumbe walipotoka kwenda kula, alimrudisha Lachlan ndani kwa mkono. Aliweka mizizi ya kava, zawadi ya kuombea msamaha, mbele ya kiti, akapiga magoti, akapiga makofi ya viganja vilivyokunjwa.

"Bwana Isikeli, mgeni alikosea. Mwachie. Samaki tutawapigania wenyewe."

Mkeka ulibonyea, kisha ukajinyoosha taratibu, kama mtu anayenyanyuka. Harufu ya nazi ikawapita, ikatoka mlangoni.

"Vasiti? Tumefikaje hapa?" Lachlan aliuliza.

Hakukumbuka hotuba wala posa. Vasiti hakumwambia kitu.

Kikao kilichofuata, Lachlan alishangaa kusomewa hotuba yake, akaifuta, akakipinga kipengele cha samaki neno kwa neno, kwa ukali wa kuudhi. Vasiti alitamani kumrushia kalamu. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha: huyu ndiye Lachlan mwenyewe.

Lachlan alimfuata ngazini, viganja vyake sasa vya moto.

"Nitakupinga mpaka siku ya kusaini, ulijue hilo. Lakini... nataka nikuoe."

"Huna aibu!" Vasiti alimvuta tai. "Nimekubali. Na samaki hupati."