Figo Zilizokufa Zilivyompandisha Presha Dorkasi

Jamani, mimi nakaa hapa Mahongole na binti yangu Dorkasi. Asubuhi tunachagua viazi vya mbegu. Yeye anakaa kwenye kigoda, akisimama kidogo anachoka. Figo zake zilikufa, huu mwaka wa tatu. Mara tatu kwa wiki anakwenda Njombe, mashine imsafishe damu. Hilo tulishazoea.

Presha ndiyo iligoma kushuka. Mia mbili na ishirini, kila siku! Dawa aina tano anameza. Chumvi ameacha, maji anakunywa kidogo, mashine inamtoa maji, wapi! Daktari akasema figo zote mbili zitolewe.

Mimi nikakataa. Dorkasi naye akasema, "Bila baba kukubali, sipasuliwi."

Akaja jirani yetu Nahumu, nesi wa pale kwenye mashine.

"Kamwene, mzee. Kwa nini unakataa?"

"Kiazi kikinyauka si kinachipua? Na figo zitachipua."

Akacheka. "Ninyi Wabena, kila kitu kwenu kiazi!"

"Na ninyi Wakinga kila kitu biashara. Hizo figo mnampelekea nani?"

Kicheko kikamwisha. "Mzee, figo zikifika pale hazifufuki. Kusafisha damu haziwezi, ila kupandisha presha bado zinaweza. Zinatuma kitu kwenye damu, mishipa inajikaza. Si kila mgonjwa anatolewa. Ni wachache, dawa zikishindwa kabisa. Mashine ataendelea nayo. Mkojo hatapata tena, kwa hiyo maji atakunywa ya kupimiwa."

"Nitafikiri," nikamwambia.

Nikafikiri wiki sita. Leo mbegu, kesho mvua, hiki na kile. Siku moja tunakula, Dorkasi akasema, "Baba, mbona jicho hili la kulia lina giza?"

Presha ilikuwa imepasua mshipa ndani ya jicho. Halijaona mpaka leo.

Nikaenda mwenyewe kwa Nahumu. "Nimekubali," nikasema. Palepale akampigia daktari.

Wakampasua. Mwezi wa pili baada ya hapo presha ikashuka mpaka mia na arobaini. Dawa imebaki moja. Kichwa hakimgongi tena, usingizi anapata.

Juzi nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe."

"Nilishakusamehe, baba. Ila hukumuuliza daktari hata swali moja. Ulikataa tu."

Kweli, sikuuliza. Ninyi daktari akisema jambo hamlielewi, ulizeni siku hiyohiyo, hata mara kumi. Mimi sasa nikitaka mwanangu anione, inabidi nihamie upande wake wa kushoto.