Nilimwambia Mdogo Wangu Afiche Uvimbe, Kumbe Baba Alijua

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Songea. Haya sijawahi kuyatamka hata kwenye kitubio. Nivumilieni, wasomaji wenzangu, maana nina hasira... na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Tulizaliwa watatu kule Matogoro: kaka yetu Gaudensi, mimi, na mdogo wetu Yustina. Mama alifariki siku alipomzaa Yustina. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni, nikamwogesha na kumlisha. Neno langu kwake lilikuwa neno la mama.

Alipofika miaka ishirini na saba alikuwa akiuza mitumba Mfaranyaki, na bwana shamba mmoja kutoka Iringa, jina lake Edgari, alikuwa amemchumbia. Wiki chache kabla ya posa Yustina alikuja kwangu Msamala, akavua blauzi, akauchukua mkono wangu na kuuweka kwenye titi lake la kushoto. Niligusa kitu kigumu, kama punje ya hindi iliyokwama chini ya ngozi.

"Dada, hiki ni nini?"

"Kinauma?"

"Hakiumi."

Basi nikamwambia anyamaze kwanza. Wakwe wakisikia ana ugonjwa wa titi, nilisema, watageuza njia. Angekwenda hospitali akishaolewa. Yustina alinitii... Jamani, kwa nini alinitii!

Harusi ilifungwa, tukacheza ngoma ya mganda mpaka vumbi likatimka. Kila nilipomuuliza baadaye alinijibu kwamba anameza vidonge kutoka duka la dawa. Maduka hayo yalikuwa yamefunguliwa kila kona, na muuzaji hakuuliza lolote. Mwezi wa nane baada ya harusi, uvimbe ulikuwa kama limau na ngozi imechanika.

Edgari, ambaye Yustina alimficha muda wote huo, alipouona alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu. Nilijua amekuja kumrudisha. Lakini alisimama pale, macho mekundu, akaniambia, "Shemeji, mngeniambia siku ile, ningempeleka mimi mwenyewe."

Huyo ndiye mwanamume niliyemficha mdogo wangu kwa kumwogopa!

Hospitalini daktari alisema ni saratani, na imekwisha kutembea mwilini. Akauliza kama katika ukoo kuna mwingine aliyeugua. Nilisema hapana, mama yetu alikufa kwa uzazi na dada zake wote wazima. Akauliza tena, "Na upande wa baba?"

Nilishangaa. Baba ana matiti gani? Daktari alieleza taratibu kwamba mtu hurithi chembe za urithi kwa baba sawasawa na kwa mama. Mwanamume anaweza kubeba katika chembe hizo hitilafu inayoleta saratani hii, yeye asiugue, akawapa watoto wake. Si kila anayeirithi huugua, na wengi wanaougua hawakuirithi. Lakini ukoo wenye wagonjwa kadhaa, tena vijana, unapaswa kuwa macho.

Nilipanda Matogoro kwa miguu siku hiyohiyo. Nilimwamkia baba shikamoo, nikamuuliza. Alisema mama yake alikufa kwa ugonjwa huohuo wa titi. Na dada zake wawili pia! Sisi tuliambiwa shangazi zetu walikufa kwa jipu. Wazee walikubaliana wafunge midomo, ili mabinti wa ukoo wapate kuolewa.

"Nilikuwa nawalinda," baba alisema.

Sikuweza kumtukana. Ningemtukanaje, wakati nami nilikuwa nimefanya yaleyale?

Nilirudi kwa daktari kuomba nami nipimwe hiyo damu ya urithi. Alisema kipimo kiko ng'ambo, hapa nchini hakuna. Na hata huko, waliochunguzwa zaidi ni Wazungu. Hitilafu zinazopatikana kwao huenda si zile zilizo kwetu, Wangoni, Wayao au Wamatengo, na hakuna aliyekuja kutuangalia. Yaani ugonjwa umetufikia, lakini wa kuuchunguza hajafika! Nilitoka pale nikitamani kupiga ukuta ngumi.

Yustina alipelekwa Dar es Salaam, akakatwa titi. Edgari hakubanduka kitandani pake. Walirudi, na baada ya miezi minne tukamzika. Hakuwahi kunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo linalonikosesha amani.

Sasa nimempata adui mwingine: kaka yangu. Gaudensi analima tumbaku Namtumbo na ana mabinti wanne. Nilikwenda kumsihi awaambie. Alinifukuza uani mbele ya mkewe, akasema naipaka matope damu ya baba yetu. Mabinti walikuwa wakipukuchua mahindi, wakicheka, hawajui lolote... Mkubwa wao ameshaanza kuchumbiwa.

Nimewaandikia barua, kila mmoja yake. Sijui kama zimewafika.

Nawasihi, wasomaji: ulizeni shangazi zenu walikufa na nini, na msikubali kujibiwa kwamba ni jipu. Mkigusa uvimbe, hata usiouma, nendeni hospitali wiki hiyohiyo. Na wewe dada mkubwa unayeaminiwa na mdogo wako, akikuonyesha titi lake, usifikirie harusi. Mshike mkono, mwende!