Mwanahalima Hapigwi Chuku

"Achanjwe! Nimesema achanjwe!"

"Hachanjwi! Utamuua mke wako, Matano, halafu uje unililie mimi!"

Chiku kasimama mlangoni mwa chumba, mikono kiunoni, kamzuia nduguye asipite. Matano ni mdogo wake, lakini kwa kelele siku hiyo alikuwa mkubwa wa kijiji kizima cha Ndagoni. Ndani, juu ya kitanda cha kamba, mkewe Mwanahalima kalala chali, kitambaa puani, kimelowa damu.

Homa ilimwanza mwezi uliopita. Kisha fizi zikaanza kuvuja damu. Akiguswa kidogo tu na mchi, mkono unavilia, doa jeusi. Na sasa pua.

"Damu mbovu hiyo, dada," Matano alisema. "Inatafuta njia. Tuifungulie itoke. Wewe mwenyewe si ulipigwa chuku ukapona?"

"Mimi nilikuwa naumwa kiuno! Huyu mkeo nikimsuka tu, chanuo linatoka na damu."

Chuku, kama hujaiona, ni hivi: unachanjwa kwa wembe, pembe inabandikwa juu ya chale, fundi anafyonza, damu inatoka. Zama hizo za Mjerumani, watu wa kisiwa cha Mafia waliiamini hasa.

"Hodi humo! Mnagombana mpaka kuku wamekimbia."

Alikuwa Mzee Shamte, fundi wa chuku, mkoba wa pembe begani. Matano ndiye aliyemwita.

"Shikamoo, mzee. Mwambie dada anipishe, ufanye kazi."

"Marahaba. Kwanza nimwone mgonjwa."

Chiku akampisha apite. Mzee hakuufungua mkoba. Alimtazama Mwanahalima miguuni. Vidoa vyekundu vidogo vidogo, ungedhani kaumwa na mbu.

"Chiku, bonyeza hapo kwa kidole. Haya, achia. Kimefifia?"

"Wala. Kiko vile vile."

"Cha mbu hufifia. Hii ni damu imevuja chini ya ngozi. Matano, simchanji mkeo."

"Mzee, umekuja kuchanja au kupunga upepo?"

"Sikiliza, mwanangu. Nikimchanja mtu, sijamaliza kufuta pembe zangu, chale zishafunga. Damu imeganda yenyewe. Ya huyu inachelewa kuganda. Hizo fizi nani kazichanja? Na pua? Damu inatoka bila wembe. Nikitia wembe, nitaizuia kwa kitu gani? Fundi wangu alinikataza: mtu wa namna hii haguswi."

Matano akanywea. "Kwa hiyo hii damu..."

"Si ya kumwaga. Anaihitaji yote. Mkalishe. Akilala chali inamshukia kooni. Mwinamishe mbele, apumue kwa mdomo. Bana pua hapa palipo laini. Usiachie achie kuchungulia."

Matano akabana. Chiku akainjika uji, ukachemka, ukaiva, ndugu yake bado kabana.

"Leo umepata kazi ya kukutuliza," dada akamtania.

"Niachie," Mwanahalima akasema kwa sauti ya puani. "Au unataka nife kwa kukosa pumzi?"

Matano akaachia polepole. Hakuna tone.

"Ugonjwa wenyewe siujui," Mzee Shamte alisema. "Uko ndani ya damu. Mvusheni kisiwani Chole, kwa daktari wa serikali. Asipige mswaki wa mti, asafishe meno kwa kitambaa na maji ya chumvi. Msimkande mwili kwa nguvu. Samaki mtoeni miiba."

Leo ukiona alama hizo, fizi, pua, vidoa visivyofifia, usikae nyumbani. Nenda hospitali, damu ikapimwe.

Mwanahalima alikunywa uji, akaomba tena. Chiku akacheka, machozi yakimtoka. Matano akasimama.

"Unakwenda wapi?" Chiku akamuuliza.

"Nje kuna vijana. Niliwaita waje kumshika achanjwe."

"Uwaambie nini sasa?"

"Washike kitanda mpaka pwani. Tunavuka kwenda Chole."

Akatoka, akaurudisha mlango taratibu.