Maiti wa Tano wa Wofcho Bet

Maiti alikuwa amelala katikati ya njia panda ya Wofcho Bet, pale barabara ya Dessie inapoupasua mji wa Debre Selam. Kulikuwa ndiyo kwanza kumekucha. Mita arobaini mbele lilisimama lori la vitunguu, mlango wazi. Dereva alikuwa ameketi kwenye lami, mikono kichwani.

Inspekta Demissew Agonafer alichuchumaa mbele yake.

"Jina?"

"Gosaye."

"Ulimwona anavuka?"

"Hakuwa anavuka, Inspekta. Alikuwa amelala. Ukungu ulikuwa mzito, nikamwona nimeshamfikia."

"Kila dereva husema hivyo."

"Dereva gani? Hapa mmeshamkamata nani?"

Demissew aliinuka. Watu wanne walikuwa wamegongwa pale ndani ya miaka mitatu, na madereva wote wanne walitimua mbio. Huyu wa tano ndiye wa kwanza kusimama. Askari wakamtia pingu.

Mama muuza chai alisukuma watu akachungulia. Akashika mdomo.

"Yesu wangu! Si mzee wetu huyu, Gashe Wubshet, fundi wa suti? Kafikaje hapa? Tangu kiharusi kimpige hatembei. Hata kanisani anabebwa!"

Demissew aliandika maneno hayo, akayapigia mstari.

Saa nne asubuhi Daktari Hirut alimwita chumba cha maiti.

"Mfungulie kijana wako," alisema. "Amegonga maiti."

"Una hakika?"

"Tazama. Mbavu zimevunjika, fuvu limepasuka, damu karibu hakuna. Moyo ulishasimama zamani. Muda wa kama saa kumi na moja kabla ya lori."

"Kilichomuua?"

"Kiharusi kingine. Ubongo umejaa damu ya zamani. Sasa tazama miguu. Damu yote imetuama huku chini, na magoti yamekakamaa yakiwa yamekunjwa. Alikufa ameketi, akaachwa ameketi."

"Kwenye kiti."

"Kwenye kiti. Na kuna hili." Daktari aliinua mikono ya marehemu. Kila kidole gumba kilikuwa na alama nyembamba ya uzi.

Demissew alivua kofia. Naye alimfunga mamake vidole hivyo alipokufa. Aliyemweka mzee huyu barabarani alikuwa ameanza kumwandaa kwa mazishi, kisha akaufungua uzi.

Akiwa njiani kwenda nyumbani kwa marehemu, alikuta magari ya wakala wa barabara yameegeshwa Wofcho Bet. Mafundi walikuwa wanashusha makopo ya rangi, matuta ya mpira na nguzo za plastiki. Mhandisi Selamawit, mwanamke mwembamba mwenye kofia ngumu, alikuwa anapima lami kwa hatua.

"Mmewahi leo," Demissew alisema.

"Tumepata wa tano." Selamawit alisikia alichokisema, akainamisha macho. "Samahani. Ndivyo tunavyozungumza ofisini."

"Wa tano ndiyo nini?"

"Mpango wa Haraka, Inspekta. Kivuko, matuta, nguzo za kubana kona ili magari yapunguze mwendo. Bei rahisi, kazi ya siku tatu. Zamani ilichukua miaka minne ya makaratasi. Sasa njia panda ikifikisha vifo vitano ndani ya miaka mitatu, tunaingia siku hiyohiyo."

"Na ikiwa na vinne?"

"Inasubiri."

"Vifaa vilikuwa wapi?"

"Stoo. Tangu mwaka jana."

"Kuna mtu mwingine aliyeijua hesabu hiyo?"

Selamawit aliacha kupima. "Kuna mama alikuwa anakuja kila Jumanne. Binti yake ndiye wa nne. Wenzangu walikuwa wanamkimbia, wanapanga hata chai iangukie saa yake. Mimi nikaona heri aambiwe ukweli. Nikamwambia, 'Emama, nenda ukapumzike, bado mmoja.'"

"Anaitwa nani?"

"Asnakech. Mumewe ni fundi wa suti."

Emama Asnakech alikuwa amekaa kwenye kigoda, shuka jeupe kichwani, jiko la kahawa limezimika mbele yake. Nyuma ya mlango kulikuwa na kiti cha magurudumu. Tope jekundu kwenye magurudumu lilikuwa bado bichi.

"Pole kwa msiba, Emama."

"Mungu akupe nguvu, mwanangu. Alitoka alfajiri kwenda kanisani."

"Kwa miguu ipi?"

Mama alivuta shuka usoni.

"Alikufa jana saa ngapi?"

"Nimekwambia alitoka alfajiri. Gari likamgonga. Andika hivyo. Andika ni wa tano."

"Dereva yuko mahabusu."

Mama aliinua kichwa. "Dereva gani?"

"Aliyemgonga. Kijana wa miaka ishirini na sita. Kosa la kuua kwa uzembe. Atakaa jela miaka."

"Si wanakimbia? Wote wanakimbia! Aliyemuua Fikirte wangu hata breki hakukanyaga."

"Huyu alisimama, Emama."

Mama aliificha mikono ndani ya shuka.

"Maskini," alisema. "Maskini mtoto wa watu. Kwa nini alisimama?"

Kisha akasema yote, bila kulazimishwa.

"Alikufa jana jioni, kwenye kiti hicho, uji mdomoni. Nikamfumba macho, nikamfunga vidole. Nikataka kupiga kelele majirani waje. Halafu nikakumbuka maneno yake. Tangu Fikirte afe alikuwa anatania: 'Nikifa, Asnaku, usinipeleke kanisani kwanza. Nipeleke pale njia panda nikahesabiwe. Angalau hesabu yao niimalize mimi, kama suti ya mwisho.' Namwambia nyamaza wewe mzee, na yeye anacheka upande mmoja wa mdomo, ule uliobaki mzima. Basi nikamsubirisha mpaka karibu na alfajiri. Nikamsukuma. Nikamlaza taratibu, nikamfunika gabi, shuka lake zito. Nilidhani wataona maiti barabarani, waandike ajali. Sikutaka agongwe. Nikarudi, na nilipofika hapa mlangoni nikasikia kishindo."

Alipangusa pua. "Watoto wa shule mia tatu wanavuka pale. Nimewahesabu mwenyewe. Wale wa barabara walikuwa wanangoja mmoja wao. Mimi nikaona nimtoe wangu, ambaye tayari amekwenda."

Demissew aliandika maelezo. Mama akatia dole gumba.

Jioni Selamawit alimfuata kituoni, rangi nyeupe kwenye viatu.

"Inspekta, wamenipigia simu kutoka juu. Wamesema maiti hahesabiki, amekufa kwa maradhi. Nisimamishe kazi, nirudishe vifaa. Tumepaka nusu ya kivuko tu. Usingeweza kuiandika ripoti hiyo keshokutwa? Siku tatu tu!"

"Kijana alikuwa ndani, Mhandisi. Ningemwacha mahabusu siku tatu kwa kosa ambalo hakulifanya?"

"Sijui," alisema Selamawit, na machozi yakamtoka. "Labda ndiyo."

Gosaye aliachiwa usiku ule. Emama Asnakech alishtakiwa kwa kumdhalilisha maiti na kudanganya polisi. Hakimu alitazama umri wake, akampa kifungo cha nje.

Siku ya kumi na saba tangu kazi isimamishwe, saa moja asubuhi, basi lilimgonga Mahlet Desta, mwanafunzi wa ualimu, pale ambapo rangi iliishia. Dereva hakusimama.

Mafundi walifika kabla ya saa sita. Kazi ilichukua siku mbili na nusu.

Demissew alikwenda mwenyewe kumwambia mama, asije akasikia habari hiyo sokoni. Alimkuta anaokota mawe kwenye dengu. Alipomaliza kusema, mama aliendelea kuokota kwa muda mrefu.

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

Mama aliweka ungo chini.

"Si wangemhesabu tu mzee wangu," alisema. "Wangepungukiwa nini?"

Inspekta alisimama mlangoni, kofia mkononi.