Chanuo Moja kwa Vichwa Vyote

Nyumba ya Bi Sitara ilikuwa Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Ilikuwa na vyumba sita, na uani palikuwa na bomba la maji. Miaka ile soko jipya la Kariakoo lilikuwa bado linanukia saruji. Wapangaji wa nyumba hii walitoka Lindi, Songea, Rufiji na kwingineko. Waislamu na Wakristo walichota maji kwenye bomba moja na kugombana kwenye foleni moja.

Josepha alikuwa mmoja wa wasichana wa nyumba hii. Alikuwa na miaka kumi na sita na alikwishamaliza darasa la saba. Kila siku aliamka alfajiri kumsaidia mama yake kukaanga vitumbua. Asubuhi aliviuza karibu na soko. Mchana alifua, alasiri alipika. Wasichana wenzake walikuwa hivyo hivyo. Siku zao zilikuwa za watu wengine.

Lakini Jumapili alasiri ilikuwa yao. Walitandika mikeka uani wakasukana nywele. Mmoja alikaa chini, mwingine alimsuka, na waliosubiri zamu walipiga hadithi. Waliimba. Walitaniana mpaka mtu akalia kwa kicheko. Aliyegombana na mama yake alikuja amenuna, akaondoka na kichwa kizuri na moyo mwepesi. Mwenye swali asiloweza kumwuliza mkubwa aliliuliza hapo. Wazee wengi waliona huo ni upuuzi wa wasichana. Mimi siwaungi mkono. Ukishikwa kichwa saa nzima na mtu anayekupenda, unainuka ukiwa mtu mwingine.

Josepha ndiye aliyekuwa na chanuo. Lilikuwa chanuo la mpingo aliloachiwa na marehemu bibi yake. Meno yake yalikuwa marefu na laini, hayakuumiza. Kila aliyekaa mkekani alichanwa kwa chanuo hilo.

Mwaka ule alihamia Mzee Augustino, fundi seremala, pamoja na binti yake Evarista. Walitoka Ilala. Evarista alikuwa wa rika la Josepha. Alikuwa msichana wa maneno machache, lakini kwa kusuka alikuwa hodari sana. Jumapili ya kwanza alikaa kando akitazama. Baada ya muda mfupi wasichana walikuwa wanamgombea. Yeye mwenyewe hakukubali kusukwa. Alifunga kitambaa kichwani kila siku, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Kisha Asmini, mjukuu wa Bi Sitara, akapata mapunye. Asmini alikuwa na miaka minane, na kila Jumapili aling'ang'ania asukwe kama dada zake. Kichwani mwake palitokea duara lenye magamba meupe. Nywele za hapo zilikatika. Alijikuna usiku na mchana. Haukupita muda, watoto wengine wawili wa nyumba ile wakapata maduara kama hayo.

Jumapili iliyofuata Bi Sitara alitoka chumbani akasimama mbele ya mikeka. Alimnyooshea kidole Evarista.

"Kabla hamjahamia hapa, mapunye hatukuyajua," alisema. "Vua hicho kitambaa tukuone."

Evarista hakusogea. Bi Sitara akainama, akakivua mwenyewe.

Juu ya sikio la Evarista palikuwa na upara mpana, ukubwa wa kiganja. Wasichana walishtuka. Mmoja alivuta mkeka wake nyuma. Bi Sitara alisema kwamba sasa kila mtu amejionea. Akapiga marufuku kusukana uani kwake. Josepha alifungua mdomo, lakini hakusema kitu. Evarista aliokota kitambaa chake, akaenda chumbani kwao.

Baada ya siku hiyo Evarista alichota maji alfajiri tu, kabla watu hawajatoka nje.

Bi Sitara alianza kuwatibu watoto kwa njia yake. Alimpaka Asmini mafuta ya taa, kisha ndimu. Mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Halafu Bi Sitara akaona ni bora kukinga kuliko kusubiri. Akawakalisha watoto wote wa nyumba, wasichana kwa wavulana, akawanyoa mmoja baada ya mwingine kwa wembe ule ule. Kazi ilipokwisha aliuosha wembe kwa maji, akauweka juu ya kabati.

Jumapili zikawa kimya. Josepha alikaa kizingitini na hakujua afanye nini na mikono yake. Kitu kilimuuma, na hakikuwa kusuka peke yake. Alimkumbuka Evarista akiokota kitambaa chini, na alikumbuka kwamba yeye alinyamaza.

Wiki chache baadaye Nassibu na Shaibu wakaanza kujikuna. Hawa walikuwa ndugu wawili, watoto wa mpangaji wa chumba cha nyuma. Walikuwa na maduara yale yale. Josepha aliwatazama akafikiri sana. Wavulana hawa hawakusukwa hata siku moja. Hawakukaa karibu na Evarista. Tena Evarista alikuwa amejifungia ndani. Sasa mapunye waliyapata wapi?

Alikwenda kugonga chumbani kwa Evarista. Alimwomba waende pamoja zahanati. Evarista alikataa. Josepha alirudi kesho yake, akakataliwa tena. Siku ya tatu alikaa mlangoni na sinia lake la vitumbua, akasema haondoki.

"Kama unayo, utatibiwa," alimwambia. "Kama huna, nataka watu wasikie. Siku ile nilinyamaza, na sitanyamaza tena."

Evarista akafungua mlango.

Ilibaki kumpata Bi Sitara. Josepha alimwamkia kwa adabu, akamwambia kwamba kichwa cha Asmini kimeanza kutoa maji. Bi Sitara alisema hahitaji kufundishwa na mtoto. Lakini usiku wa kuamkia siku hiyo Asmini alikuwa hajalala, na bibi yake pia hakulala. Alijifunga kanga, akamshika mjukuu wake mkono, wakaondoka wote wanne.

Zahanati walimkuta Nesi Jasvanti. Alizaliwa Kariakoo hapo hapo, na baba yake alikuwa na duka la nyuzi na vifungo. Watu walimjua kwa sauti yake kubwa. Alimwamkia Bi Sitara, kisha akakitazama kichwa cha Asmini kwa makini.

"Mama, umempaka nini?"

"Mafuta ya taa."

"Mafuta ya taa ni ya taa, mama. Yamemwunguza ngozi. Angekaa karibu na jiko, angeshika moto."

Aliwaeleza pole pole. Mapunye ni ugonjwa wa ukungu. Ukungu huo unafanana na ule unaoota kwenye mkate uliokaa, ila huu unaishi kwenye ngozi na kwenye mizizi ya nywele. Hauchagui kabila wala mtaa. Unahama pamoja na kitu kinachotoka kichwa kimoja kwenda kingine: chanuo, kofia, taulo, mto, wembe.

"Wembe?" aliuliza Bi Sitara.

Nesi alimwuliza kama aliwanyoa watoto. Bi Sitara alijibu kwa sauti ndogo kwamba aliwanyoa wote kwa wembe mmoja, ili awakinge. Nesi Jasvanti hakumcheka. Alisema wazazi wengi hufanya hivyo kwa nia njema, na ndivyo wagonjwa wanavyoongezeka.

Kisha akamwomba Evarista avue kitambaa. Alipapasa ule upara kwa vidole.

"Hili ni kovu la moto," alisema.

Evarista alisema kwamba alimwagikiwa na uji alipokuwa mdogo.

"Mapunye yana magamba, na nywele zinakatika. Hapa ngozi ilipona zamani. Nywele haziwezi kuota tena, lakini ugonjwa hakuna. Huyu binti ni mzima kuliko ninyi nyote."

Bi Sitara alitazama sakafu. Josepha alitoa chanuo la mpingo mfukoni akaliweka mezani.

"Nesi, sisi sote tunatumia hili. Basi mimi ndiye niliyeyaeneza?"

"Yalienezwa na chanuo. Hukujua," alisema Nesi. "Sasa unajua. Utafanya nini?"

Nesi aliwapa vidonge vya Asmini. Alisema dawa ya kupaka peke yake haifiki kwenye mizizi ya nywele. Vidonge vinamezwa kila siku baada ya chakula, kwa wiki nyingi, mpaka nesi mwenyewe aseme basi. Ukiviacha kwa sababu duara limefifia, mapunye yanarudi. Watoto wote wa nyumba waletwe wapimwe. Foronya, kofia na vitambaa vichemshwe na kuanikwa juani. Mwenye mapunye asisukwe mpaka apone. Na kila mtu awe na chanuo lake.

"Na kukaa pamoja?" aliuliza Josepha. "Tuache?"

"Kaeni. Chekeni. Kukaa mkeka mmoja na kupiga hadithi hakujamwambukiza mtu mapunye."

Josepha hakupumzika. Jioni ile alichemsha chanuo lake uani, mbele ya watu, akawaeleza kila alichosikia. Tangu hapo alilitumia kwa kichwa chake tu. Alipita chumba kwa chumba. Baba mmoja alimwambia arudi kwenye vitumbua vyake. Josepha aliondoka, na kesho yake akarudi. Mwishowe baba huyo aliwapeleka watoto wake zahanati, labda kwa kuchoka kubishiwa hodi.

Alikwenda pia kwa Mzee Augustino. Alimwomba awachongee wasichana machanuo kwa mabaki ya mbao zake. Mzee alimkazia macho. Alimwuliza kwa nini aisaidie nyumba iliyomvunjia heshima binti yake. Josepha alijibu kwamba hana haki ya kuomba, na bado anaomba. Mzee alishika randa yake akaendelea na kazi. Baada ya siku kadhaa machanuo yalikuwa tayari, na kila moja lina alama yake: samaki, nyota, jani, ufunguo.

Dawa ilifanya kazi yake. Magamba yalikwisha. Nywele za Asmini zilianza kuota, kwanza laini, kisha nyingi. Nesi Jasvanti alikuja mwenyewe kuwakagua watoto. Hakukuta duara hata moja. Bi Sitara akasema mikeka irudi uani.

Jumapili hiyo uani palijaa. Bi Sitara alikuja na Asmini, mkononi ana chanuo lenye alama ya samaki. Alimpa Evarista, akamwomba amsuke mtoto.

Evarista hakulipokea.

"Nitamsuka, bibi," alisema kwa upole. "Lakini siku ile ulinivua kitambaa mbele ya watu wote."

Watu walitazama mikeka. Msichana wa miaka kumi na sita hamwambii hivyo mama mwenye nyumba. Josepha alisogea akakaa ubavuni kwa Evarista, bega kwa bega.

Bi Sitara aliketi mkekani, magoti yakilia.

"Ni kweli. Ilikuwa mbele ya hawa hawa," alisema, na sauti yake ilifika mpaka bombani. "Nilisema umeleta ugonjwa. Hukuleta. Wembe uliowaambukiza watoto ulikuwa wangu. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, bibi."

Evarista alilichukua chanuo, akamsuka Asmini. Nywele zilikuwa fupi na kazi ilikuwa ngumu, lakini mtoto aliinuka akazunguka uani ili kila mtu amwone. Nyimbo zilianza tena. Mtu alisema utani, na Bi Sitara ndiye aliyecheka kuliko wote.

Ndipo Evarista alipofungua kitambaa chake, akakikunja, akakaa chini mbele ya Josepha.

"Na mimi unisuke," alisema.

Josepha alimwuliza kama apitishe njia za nywele juu ya kovu ili lifichike.

"Zipite kando yake," alisema Evarista. "Usilifiche."

Josepha alimwambia anyooshe shingo, akaanza njia ya kwanza kutoka kwenye paji la uso.